Miaka ya 80 tamu ila tusidanganyane

Mwandishi kwenye makala yako unasema eti miaka ya 80 muziki wote ulikuwa moto, hapo umetupiga kamba bana, nyimbo mbovu zilikuwepo kibao ila tushazisahau ndo maana kila kitu tunakiona dhahabu. Mi nachomisi ni kaseti! Unaisubiri nyimbo redioni kidole kiko kwenye batani ya kurekodi, ikianza tu mtangazaji nae anaanza kuongea juu yake, hasira zake we acha 😂 Halafu kaseti ya dakika 60 ina 30 kila upande kwahiyo wimbo wa mwisho lazima ukatikie njiani, na mkanda ukimezwa unauzungusha kwa kalamu taratiiibu. Walkman ya Sony, ile mashine ndogo ya kusikilizia kaseti huku unatembea, nayo ilitoka 1979, hiyo mwandishi kwenye makala yako umeiwekaje miaka ya 80?