Dalali Mwenye Kiwanja Kichwani

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti cha saluni hapa Chanika, kinyozi akanifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akanizunguka mara mbili kama mtu anayetafuta geti la nyumba, kisha akaizima.

"Bosi," akasema, "tunyoe, au nipitishe tu taulo?"

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mpaka yule aliyekuja kuchaji simu tu akacheka. Na mimi nikacheka, maana mwenye kipara asipowahi kucheka watasema amenuna. Utani haukuniuma. Kilichoniuma ni malipo. Elfu mbili! Elfu mbili ileile anayolipa jirani yangu mwenye kichwa kama msitu wa Pugu. Nikamuuliza kinyozi: wewe umepita pembeni na kisogoni, katikati hujagusa, kwa nini tusihesabu kwa mita za mraba? Akanijibu kwamba hata mtu mwembamba akipanda daladala analipa nauli nzima. Nikalipa.

Nina miaka 27. Narudia, 27, kwa sababu najua hukuamini. Wanafunzi wa sekondari wananipisha siti. Juzi konda kaniambia, "Mzee, shika bomba vizuri." Mzee! Huyo konda mwenyewe ana watoto wawili wako shuleni.

Kazi yangu ni udalali wa viwanja. Chanika, Msongola, Mvuti, mpaka kule Homboza. Kwa hiyo kila anayetaka kunitania anakuta utani umeshaiva, yeye ni kupakua tu. "Dalali, hicho cha juu kimepimwa?" "Kina hati?" "Gari inafika?" Na mimi mwenyewe nimeanza kukiona hivyo. Kilianzia kwenye kona mbili za paji la uso, kama jirani anayesogeza bikoni za mpaka usiku: mwaka huu nusu hatua, mwakani nusu hatua, huwezi kwenda kumshtaki kwa mjumbe kwa sababu huna ushahidi. Halafu utosini kikafunguka kingine, cha duara. Sasa vinatafutana. Katikati pamebaki kichochoro cha nywele ambacho kwa uzoefu wangu hata bajaji haipiti.

Wazo la kupandikiza nywele halikutoka kwangu. Lilitoka kwa shemeji, kaka yake mchumba wangu, mfanyabiashara wa nguo Kariakoo ambaye anakwenda Istanbul kufuata mzigo. Anasema ndege ya kurudi ukiingia utadhani ni ya majeruhi wa vita: wanaume wazima wamefungwa bandeji, vichwa vyekundu kama nyanya, wanasinzia wameketi wima ili wasiguse kiti. Ni wateja wa nywele. "Wenzako hawavai kofia siku hizi," akaniambia, "wanapanda." Halafu akanitolea mfano wa Wayne Rooney, yule mwanasoka wa Uingereza, aliyepandikiza mwaka 2011 akiwa na miaka 25, na akatangaza mwenyewe mtandaoni bila aibu.

Namkumbuka sana. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi, na tulimcheka wiki nzima. Wazee wanasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Basi nimetia maji. Hakuna cha kulowana.

Shemeji akanipa namba ya wakala wa huko. Wakala hakuuliza jina wala hali ya afya. Alitaka picha tano: mbele, nyuma, kulia, kushoto na kwa juu. Nikamwita mdogo wangu chooni, ndiko kwenye taa nzuri, akanipiga, nikatuma. Nikakaa kusubiri majibu ya Istanbul.

Majibu yakatoka Tabata, Mbagala, Morogoro na Singida. Nilikuwa nimezituma kwenye kundi la kamati ya harusi yangu.

Shangazi wa kwanza akaandika, "Poleni sana, nani katutoka?" Wa pili akasema huyo aliyepigwa picha apelekwe hospitali haraka. Mhazini, ambaye kazi ameichukulia kama ya Benki Kuu, akauliza, "Hii ni ahadi au ni taslimu?" Na baba mdogo, mwenyekiti, akaitisha kikao cha dharura. Nimeishi miaka 27 na kichwa changu nikidhani ni mali yangu binafsi. Kumbe ni ardhi ya ukoo.

Kikao chenyewe kilikuwa cha kutafuta mchawi. Mama akasema kwao hakuna kipara, hicho kimetoka kwa baba. Baba hakusema neno, akageuza tu shingo taratibu mpaka macho yakamfikia mjomba, ndugu yake mama wa tumbo moja, ambaye kichwa chake jioni ile kilikuwa kinaakisi taa ya sebuleni mpaka ukutani. Mjomba ni mzee wa kanisa. Akatukumbusha habari ya nabii Elisha na wale vijana waliomcheka upaa wake, jinsi dubu wawili walivyotoka mwituni wakawararua 42. Akasema 42 kwa sauti ya kumalizia mjadala. Mdogo wangu akauliza Chanika dubu watatoka wapi, akafukuzwa sebuleni.

Zikafuata dawa. Vitunguu maji, usage, upake, ulale nayo. Mafuta ya mnyonyo. Habasoda. Vitunguu nilikuwa nimeshavijaribu kimyakimya wiki tatu, nikawa nanuka kama kachumbari ya juzi, mpaka mteja mmoja niliyempeleka kuona kiwanja akaniuliza kama eneo lile liko karibu na soko. Bibi akapiga simu kutoka Masasi, yeye habari za nywele hana, anataka nivae kofia tu nikienda kusini. Anakumbuka mwaka 2017, ng'ambo ya Ruvuma, polisi wa Msumbiji walipotoa tahadhari baada ya wanaume wenye vipara kuuawa katika mkoa wa Zambezia, kwa sababu ya wajinga wanaoamini kichwa cha namna hiyo kina dhahabu ndani. Hapo hakuna aliyecheka, nikiwemo mimi.

Basi nikaenda mjini kwa daktari wa ngozi. Nilijua ataangalia, atasema "pole", ataandika dawa. Kumbe yule baba anapenda kufundisha, na alikuwa amepata mwanafunzi aliyelipia.

Akasema mwili unachukua homoni ya kiume, testosteroni, unaigeuza kuwa nyingine yenye nguvu zaidi inayoitwa DHT. Kwa aliyerithi shida hii, vishina vya nywele vya mbele na utosini havipatani na hiyo DHT. Vinasinyaa mwaka hadi mwaka, unywele unaota mwembamba, kisha mfupi, kisha kama manyoya ya kifaranga, kisha basi. Vya kisogoni na juu ya masikio haviisikii. Ndiyo maana kipara cha aina hii hubaki na uzio nyuma na pembeni. Nikauliza, ni urithi wa upande gani? Pande zote mbili, akasema. Ipo jeni kubwa ambayo mwanamume huipata kwa mama yake, lakini haifanyi kazi peke yake. Nikamwomba aniandikie hilo kwenye karatasi na kulipiga muhuri. Alidhani natania.

Upandikizaji wenyewe nimeuelewa kuliko alivyotarajia. Wanakupiga ganzi, wanachomoa vishina kisogoni kimoja kimoja kwa kitoboleo kisichozidi milimita moja hivi, maelfu, kazi ya siku nzima, halafu wanavipanda mbele. Vinaota kwa sababu kishina kikihama hakibadili tabia. Jambo hilo lilionyeshwa miaka ya 1950 na daktari wa New York, Norman Orentreich. Hapo nikamwambia daktari sina haja ya mfano, nimeuza viwanja miaka sita: mtu wa Chanika ukimhamishia Masaki anabaki mtu wa Chanika, atafuga kuku hukohuko.

Lakini pale kisogoni ulipochomoa hapaoti kingine. Si mkopo ule, ni kuhamisha watu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, na wakazi wana idadi. Kisha akanifungulia la pili. Nywele zetu hizi za kipilipili, mzizi nao umejikunja chini ya ngozi kama ndoano. Aliyezoea nywele zilizonyooka akitoboa wima anaukata njiani, na wewe unahesabiwa vishina vilivyokufa. Zikiota salama, afadhali, zinajikunja na kufunika eneo kubwa. La tatu akaniambia nivue shati. Nikashangaa, kichwa kimehamia wapi? Akatazama kovu langu la chanjo ya utotoni begani, lile lililovimba kama korosho, akaguna. Ngozi ya namna hiyo, akasema, ukiitoboa mara elfu mbili inaweza kukujibu mara nyingi zaidi ya ulivyouliza. Nikajiona nimerudi kutoka Istanbul, kisogo kimeota mfuko mzima wa korosho. Mtwara wangenipokea kwa mizani.

Kilichonimaliza kabisa ni swali aliloniuliza mwishoni. "Wewe unauza viwanja. Unaweza kumjengea mtu nyumba kando ya korongo ambalo bado linakula?"

Nikanyamaza, maana jibu nalijua, na kwa bahati mbaya mteja mmoja wa Msongola analijua pia. Korongo likiwa bado linakula hujui litasimama wapi. Ukipanda nywele za mbele sasa hivi, na zile za asili nyuma yake zikaendelea kuondoka, ukifika miaka 35 unakuwa na kisiwa cha nywele mbele na bahari nyuma, na kisogoni hakuna tena wa kuhamisha. Akasema wengi wanaokuja na miaka ishirini na kitu anawaambia wasubiri kwanza, watumie dawa, aone kasi.

Dawa zenyewe sasa! Ya kupaka, minoxidil, ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaanza kuota nywele hata sehemu ambazo hawakuomba, mtu mwenye akili akaona biashara, na mwaka 1988 Marekani ikairuhusu kwa wanaume wenye vipara. Unapaka asubuhi na jioni, na ukiacha, ulichokipata kinaondoka. Ndoa kamili. Nimeijaribu, kwa joto la Dar es Salaam inashuka na jasho mpaka kwenye nyusi, nikaanza kuogopa nitaota nywele machoni. Ya kumeza, finasteride, kwanza ilikuwa ya tezi dume. Hiyo inapunguza DHT yenyewe. Nikauliza madhara. Daktari akashusha sauti: wanaume wachache hupungukiwa na hamu ya tendo. Naomba mnisaidie kufikiri. Nipate nywele za kumvutia mke, halafu akishavutika nikae pembeni nikichana nywele?

Nikafika nyumbani nikakuta wakala wa Istanbul, ambaye picha nilimtumia upya, safari hii kwake kweli, amejibu. Dola 2,500: upandikizaji, hoteli siku tatu, gari la kukutoa uwanja wa ndege, na kofia ya zawadi. Tiketi juu yangu. Aliongeza, nadhani kwa uaminifu, kwamba zile nywele mpya zitaanguka zenyewe ndani ya wiki chache, nisishtuke, zinaanza kurudi mwezi wa tatu au wa nne na matokeo kamili ni baada ya mwaka. Kwa hiyo ninapanda ndege saa nyingi kwenda kununua nywele, narudi nazo Chanika, zinaanguka mbele ya kinyozi yuleyule, na ananichaji elfu mbili.

Nikampelekea mchumba wangu hesabu. Dola hizo ni kama milioni sita na nusu za kwetu, bado nauli. Hakuangalia kichwa changu hata kidogo. Aliangalia juu, kwenye nyumba yetu tunayojenga, ambayo imefika kwenye linta mwaka wa pili huu na ndani imeota mapapai.

"Nyumba haina paa," akasema, "wewe unahangaika na upaa?"

Sijawahi kumuuzia mtu kiwanja kwa maneno machache namna ile. Hata hivyo sikukubali palepale, nina heshima yangu. Nilimwambia nitatafakari, na kweli nilitafakari, kwa kununa, siku nne.

Siku ya tano akaja mteja wa kiwanja cha Mvuti. Mtu mzima, hamsini na ushee, nywele kichwa kizima, nyeusi tii, akachana na njia pembeni. Alikuwa ametapeliwa mara mbili na vijana, ananisimulia, vijana wenye mitindo ya nywele, mara mistari, mara rangi. Ndiyo maana safari hii alisisitiza atafutiwe dalali mtu mzima. Aliposhuka kwenye bodaboda alinitazama kichwani, akavua miwani, akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Siku zote huwa nawakatiza. Nacheka, nasema hapana, mimi mdogo, shikamoo wewe. Jua lilikuwa la saa saba, nikalisikia linawaka juu ya utosi, nikajua na yeye anauona unavyong'aa.

"Marahaba," nikamwambia. "Milioni nne na nusu. Bikoni zake zote zipo, hakuna iliyosogezwa."