Benki ikisimamisha mradi, mwenye ng'ombe wake anapata nini?

Aprili 2024 Benki ya Dunia iliposimamisha hela za REGROW watu wengi walishangilia, na mimi nikiwemo, maana ni nadra sana mfugaji wa wilaya ya Mbarali, Mbeya, kulalamika Washington na akasikilizwa. Kwa ambao hawakufuatilia, REGROW ulikuwa mkopo wa dola milioni 150 uliopitishwa 2017 wa kukuza utalii kwenye hifadhi za kusini mwa Tanzania, yaani Ruaha, Mikumi, Udzungwa na huko Selous. Juni 2023 watu wa Mbarali wakapeleka malalamiko kwenye Jopo la Ukaguzi la benki: mauaji, watu kupotea, ng'ombe kukamatwa na kupigwa mnada, halafu juu ya hayo tishio la kuhamishwa vijiji kupisha hifadhi. Serikali ilikana. Novemba 2024 mradi ukafungwa kabisa.

Sasa hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Hili Jopo lilianzishwa 1993, baada ya aibu ya bwawa la mto Narmada kule India. Kazi yake watu huwa wanaielewa vibaya, wanadhani ni mahakama. Siyo. Jopo haliikagui serikali wala haliwakagui askari wa hifadhi, linaikagua benki yenyewe kama ilifuata kanuni zake. Ndo maana unaweza ukashinda kesi na bado ukarudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu kilichothibitishwa ni kwamba benki ilikosea, haijaandikwa popote kwamba fulani alipwe ng'ombe wake 40.

Tuwape benki haki yao kidogo. Wao wanasema mpaka wa Ruaha haukuchorwa na sisi, na kweli, eneo la Usangu, hukohuko Mbarali, liliingizwa hifadhini 2008, miaka 9 kabla ya huo mkopo, na hata hapo watu walikuwa wameshaondolewa kwenye ardhi oevu ya Ihefu tangu 2006. Na suala la maji siyo hadithi, mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 90 na huko chini ndiko yaliko mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, kwahiyo anayesema bonde lilindwe ana hoja, usimwite tu mnyanyasaji. Ila ukishaamua kukipa nguvu chombo cha kusimamia hifadhi ambacho kila siku kinafukuzana na wafugaji, unawajibika kuuliza nguvu hiyo itaishia wapi. Jopo lilikuta benki haikuliangalia hilo inavyotakiwa. Huwezi kununua gari la doria halafu ukasema yanayofanywa na dereva hayakuhusu.

Kwahiyo kwenye kosa mimi sina ubishi, ubishi wangu upo kwenye dawa. Benki ikishafunga mkoba inabaki na nini cha kumbana nacho mkopaji? Uganda tuliliona hili. Barabara ya Kamwenge kwenda Fort Portal, wafanyakazi wa mkandarasi wakahusishwa na unyanyasaji wa kingono kwa wasichana wadogo, wananchi wakalalamika, na Desemba 2015 benki ikafuta ufadhili. Ilikuwa lazima ionekane imechukua hatua, na baadaye kweli sera zake za kulinda wanawake na watoto kwenye ujenzi zikabadilika, mradi wa leo wa barabara una masharti ambayo kabla ya Kamwenge hayakuwepo. Lakini binti aliyeachiwa ujauzito hakuhitaji sera ya 2017, alihitaji matunzo ya mtoto mwaka uleule, na mradi uliopaswa kubeba gharama hiyo ndo huo umefutwa, ikabidi msaada utafutwe pembeni.

Linganisha na Olkaria, Kenya. Wamasai waliohamishwa 2014 kupisha umeme wa mvuke walilalamika Benki ya Dunia na pia Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Hapo hawakukimbilia kufuta, walikaa mezani na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya, kukiwa na wasuluhishi, na Mei 2016 wakasaini makubaliano yenye vitu vya kushikika, mambo ya hati ya ardhi, barabara na nyumba. Hayakuisha vizuri yote na wapo wanaolalamika mpaka leo, ila angalau KenGen alikuwa bado anawahitaji hao wafadhili, kwahiyo kulikuwa na kamba ya kumvutia.

Najua mtu atanijibu, utakaaje mezani na mtu aliyekushikia bunduki? Swali zuri na silipuuzi. Usuluhishi wa nyumba na hati unawezekana, wa mauaji hapana, na ukisema hela ziendelee kutoka wakati watu wanadai ndugu zao wamepotea unakuwa unawalipa wanaotuhumiwa. Ndo maana kwa Mbarali kusimamisha kulikuwa sahihi. Kosa ni kusimamisha halafu kufunga kabla hujaweka hela pembeni kwa ajili ya walioumia. Aprili 2025 bodi ya benki ilipitisha mpango wa hatua, umejaa mambo ya kusaidia watu kujikimu, ila fidia ya mtu mmojammoja kwa ng'ombe waliochukuliwa haimo.

Mahakamani je? Wavuvi wa Gujarat, India walimshtaki IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, na 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema IFC haina kinga isiyo na mipaka. Tukadhani mlango umefunguka, kumbe mahakama za chini zikaja kusema mambo yenyewe yametokea India, kesi ikafia hapo.

Basi inabaki mfuko wa fidia, utengwe siku mkopo unasainiwa. Wanaoupigia debe wapo wengi na mimi naukubali, isipokuwa hawapendi kuulizwa hela zitoke wapi. Zikitoka ndani ya mkopo, anayelipa deni ni mlipakodi wa Tanzania, na huyo mfugaji wa Mbarali naye yumo, kila akinunua sukari na vocha anakuwa anachangia fidia yake mwenyewe wakati benki inapokea riba yake kama kawaida. Zikitoka kwenye faida ya benki ndo itauma kunakotakiwa kuuma, na nadhani ndiyo sababu wanavuta miguu.