Mahakama ikikosea na kitanzi kikawa tayari

Juzi kijiweni Sinza ubishi ulianza kwa bodaboda mmoja kusema waliohukumiwa kunyongwa wanakula ugali wa serikali bure, maana hawanyongwi. Kwa hilo hakukosea. Mara ya mwisho watu kunyongwa hapa Tanzania ilikuwa 1994, enzi za Mzee Mwinyi, na marais waliofuata wote hawakusaini mtu anyongwe, Magufuli ndo alilisema wazi 2017 siku anamwapisha Jaji Mkuu kwamba hayo majina asipelekewe. Sasa watu wanauliza, kama hakuna anayenyongwa, ishu iko wapi? Ishu ni kwamba sheria ipo na inahitaji saini moja tu ya rais yeyote atakayekuja.

Hoja ya wanaotaka ifutwe ni kwamba mfumo wetu unakosea. Mi hapo sibishi. Niliwahi kukaa benchi la mahakama moja hapa mjini, karandinga likashusha watuhumiwa, kesi ya mauaji ikaitwa, na mwendesha mashtaka akasema maneno tunayoyajua wote, upelelezi haujakamilika. Dakika tatu imeisha, imepigwa tarehe nyingine. Mama mmoja alikuwa na kikapu chenye sabuni na ndala za mwanae, hakupata hata nafasi ya kumkabidhi, na mauaji hayana dhamana kwa hiyo kijana anarudi mahabusu. Huyo akija kusikilizwa baada ya miaka, shahidi kashasahau au kafa, wakili ni wa kupangiwa na wapo wanaoonana na mteja siku hiyohiyo ya kesi, na ushahidi mzito unakuta ni maelezo ya onyo, yaani yale ya kukiri aliyoandikia polisi, ambayo yeye anasema alipigwa ndo akasaini. Halafu kuna kesi za mauaji ambazo Mahakama ya Rufani ilizifuta na kuagiza zisikilizwe upya kwa sababu tu wazee wa baraza, wale raia wanaokaa na jaji kumshauri, hawakushirikishwa ipasavyo, kabla sheria haijabadilishwa 2022. Makosa ya namna hiyo yanarekebishika mtu akiwa hai. Mahmood Mattan, baharia wa Kisomali, alinyongwa Cardiff kule Uingereza 1952, mahakama ikaja kufuta hatia yake 1998, miaka 46 baadae.

Ila upande wa pili nao una neno, tusijifanye hatuwasikii. Familia ambayo mtoto wao mwenye ualbino kakatwa viungo, unawaambiaje habari ya haki za muuaji? Na kuna swali gumu zaidi ambalo wanaharakati wanalikwepa: kama mfumo mbovu ndo sababu, mbona hatusemi tufute na kifungo cha maisha? Asiye na hatia anayeozea gerezani miaka 30 naye kaonewa, tena huyo hapigiwi kelele na mtu. Kwa hiyo ukifuta kitanzi leo, karandinga lile litarudi palepale baada ya wiki mbili na upelelezi bado haujakamilika.

Mi nadhani hoja ya makosa inauma zaidi kwenye neno "lazima". Kwetu jaji akishamkuta mtu na hatia ya kuua kwa kukusudia, hana uchaguzi, ni kunyongwa, ukitoa mjamzito na aliye chini ya miaka 18. Mwanamke aliyemuua mume baada ya kipigo cha miaka na muuaji wa kukodiwa wanasomewa adhabu ileile. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo Arusha ilisema Novemba 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki ya kuishi. Na hata nyumbani, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alishasema 1994 adhabu hii inapingana na katiba, Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata ikakubali kwamba ni ya kikatili na inadhalilisha, lakini ikasema katiba inairuhusu. Yaani ukatili, ila ruksa.

Kwa hiyo ulazima utoke hata kesho, na kitanzi chenyewe mi ningekifuta pia, ila nisidanganywe kwamba hapo ndo tumetibu mahakama.

Nikamuuliza yule bodaboda, je wakigundua waliyemhukumu siye aliyeua? Akasema si watamtoa. Nikamwambia watamtoa wapi, mi nakuulizia aliyekwisha nyongwa. Akacheka, akavaa helmeti, abiria wake alishafika.