Dar es Salaam nayo ni mkoa, jamani

Jumapili tulikuwa kwa dada yangu hapa Ujiji, sahani ya mgebuka iko katikati, mpwa wangu akatoa neno ambalo mpaka leo linanikaa kooni kama mwiba wa huyo samaki. Kuna redio moja ya hapahapa Kigoma imemwita kazini. Kijana kasomea utangazaji Dar, sauti anayo, Kiswahili anacho. Kakataa.

"Mjomba, nikianzia huku nitapotea."

Atapotea! Kazaliwa Ujiji, kasoma Mwanga, njia ya Kibirizi anaipita usiku bila tochi. Apotelee wapi?

Nikamuuliza kama anamjua Julius Nyaisanga. Kimya. Nikasema Uncle J. Akajibu, "Jina kama nimewahi kulisikia." Na huyu ndiye anayetaka kukaa mbele ya maikrofoni.

Nyumbani kwetu redio ilikuwa moja, ya baba, na betri zikichoka tunazianika juu ya bati. Usiku stesheni za Burundi na Kongo zinaingia kwa fujo, kwa hiyo unazungusha kitufe taratibu, taratibu, mpaka RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, ijitokeze kwenye mkwaruzo. Halafu unamsikia Nyaisanga. Sauti nzito, haina haraka, haimlazimishi mtu kucheka. Baba yangu alikuwa hanyamazishwi na mtu, hata na shemeji zake, lakini hapo ananyamaza. Mtu kakaa studio kule Dar, Barabara ya Pugu, lakini hujisikii kwamba anakurushia maneno kwa mbali. Unajisikia umetembelewa.

Mwaka 1994 Radio One na ITV zikaanza, naye akawa miongoni mwa waliotoka redio ya taifa kwenda huko. Tukaanza kumwona na sura. Hiyo sehemu kila mtu anaisimulia, siirudii.

Mimi nataka ile sehemu inayosimuliwa kwa kunong'ona. Jina likiwa bado kubwa, Uncle J aliondoka Dar akaenda Morogoro, kwenye redio na televisheni za Abood Media, na huko ndiko alikokuwa akifanya kazi hadi alipofariki Oktoba 20, 2013. Nakumbuka vizuri watu walivyokuwa wakisema kijiweni: "Uncle J kashuka." Kashuka kwenda wapi? Kama ni kushuka, basi mtazame ramani vizuri, Morogoro iko juu kuliko Dar.

Hapo ndipo hasira zangu zilipo. Tumejengewa ngazi ya ajabu ambayo ya juu kabisa iko Mikocheni, Dar, na kila ukisogea na reli ya kati unahesabiwa unateremka. Dodoma umeteleza, Tabora umeanguka, Kigoma wakuombee dua. Na watangazaji wa Dar wanalo neno lao, "mikoani". "Tunaye msikilizaji kutoka mikoani!" Mikoani ipi? Juzi kwenye bajaji nilimsikia mtangazaji mmoja wa huko anapokea simu ya mtu wa Kigoma, kabla hajamuuliza hata hali anacheka, "Huko mtandao upo kweli?" Ndugu yangu, si kakupigia simu?

Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia Mei 15. Kwa Dar hiyo ni habari ya nusu dakika kabla ya michezo. Kwetu ni jiko. Mama wa dagaa Kibirizi anataka kujua ataishije hiyo miezi mitatu, mvuvi anataka kumuuliza ofisa swali gumu, na anataka liulizwe kwa lugha anayoielewa, hata Kiha kikichomoza humo ndani kichomoze. Kazi hiyo inahitaji mtangazaji mzuri kuliko yule wa kutangaza nani kaachana na nani. Sasa wazuri wote wakikimbia, maikrofoni yetu tunamwachia nani? Tunamwachia kijana anayeiga lafudhi ya Sinza na hajawahi kufika Sinza. Ndiyo maana namheshimu Nyaisanga wa Morogoro kuliko hata yule wa RTD. Alikwenda na ujuzi wake wote mahali ambapo wenzake walikuwa wanapaona ni pa kuanzia tu, au pa kumalizia.

Haya, nakubali kidogo. Mishahara ya redio nyingi za huku ni midogo, na mingine ni ahadi tu. Uncle J naye alianza wakati redio ya nchi ni moja. Ukiwa peke yako hewani, kupendwa si mtihani mkubwa. Na hata Baba Levo, yule msanii aliyekuwa diwani wetu Mwanga Kaskazini, utangazaji alikwenda kuufanyia redio ya Wasafi, Dar. Najua. Msiniandikie.

Haya yote nilimwambia mpwa wangu, tena kwa sauti iliyowafanya majirani watoke nje. Alisikiliza kwa adabu zote, akanawa mikono, akasema, "Nimekuelewa, mjomba." Jumatatu asubuhi akaja kuniomba nauli ya treni ya kwenda Dar.

Nimempa. Ni mtoto wa dada yangu, nifanyeje? Nimemkatia daraja la pili, kulala, na nimemwekea redio ndogo kwenye begi. Treni ikikwama Tabora, na itakwama, asikilize redio za watu waliopotea.