Upinde wa Mti: Mpaka wa Rula na Jicho

Anayetaka kuchonga upinde wa mti Malindi leo hukutana na mafundisho ya namna mbili yasiyopatana. Ya kwanza humtaka apange kila kitu kabla ya kushika kisu, yaani urefu, upana na unene wa kila sehemu, kisha achonge mpaka mti ulingane na mchoro. Ya pili, ambayo ndiyo njia ya wachongaji wa nyika zilizo nyuma ya Malindi tangu enzi za mababu, humtaka auchague mti vizuri, aupunguze kidogo kidogo na autazame unavyopinda. Mimi naegemea njia ya pili, lakini wenye rula wana hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa.

Hoja yao kubwa ni hii. Ukakamavu wa mti hupungua sawia na upana, lakini kwa unene hupungua kwa kipeo cha tatu. Ukipunguza upana kwa asilimia 10, umepoteza asilimia 10 ya ukakamavu. Ukipunguza unene kwa kiasi hicho hicho, umepoteza takriban asilimia 27. Katika upinde wenye unene wa milimita 15, hiyo ni milimita moja na nusu tu, kiasi ambacho randa yenye makali huondoa kwa mapito machache. Umbo nalo lina sheria zake. Upinde wenye unene ulio sawa na upana unaopungua taratibu kuelekea ncha hutakiwa kupinda kama kipande cha duara, ilhali ule wenye upana ulio sawa, ambao unene wake ndio unaopungua, hutakiwa kupinda zaidi kuelekea ncha, kwa kuwa sehemu nyembamba huvumilia mkunjo mkali zaidi. Asiyelijua hilo ataulazimisha mti uliochongwa kwa mpango mmoja uchukue umbo la mpango mwingine, na utavunjika mikononi mwake.

Hesabu hizo nazikubali. Ninachokitilia shaka ni vipimo vilivyo tayari, ambavyo vijana huvichukua mtandaoni na kuvifuata neno kwa neno. Vingi vimetoka Ulaya na Marekani, na vimekusudiwa miti ya huko iliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 8 au 10 hivi. Mti uliohifadhiwa bandani Malindi hubaki na unyevu zaidi ya huo, hasa wakati wa masika, na mti wenye unyevu hulemaa: ukiuvua upote, yaani kamba ya upinde, unabaki umejipinda na haurudi ulipotoka. Maelekezo hayo pia humwambia mchongaji afuate pete moja ya ukuaji kwenye mgongo wa upinde, ule upande unaoelekea shabaha, asiikate popote. Miti yetu mingi haina pete zinazosomeka. Jawabu lililo jepesi ni kuchukua fito nene iliyonyooka, ya jamii ya mkole kwa mfano, kuibandua gamba kwa uangalifu, na kuuacha uso ulio chini ya gamba uwe ndio mgongo. Kupunguza kote kufanyike upande wa tumbo, ule unaomwelekea mpigaji. Fito kama hiyo ina vifundo na mawimbi yake, na hakuna jedwali la unene linaloweza kuyajua.

Hapo ndipo kazi ya kusawazisha mkunjo inapokuwa na uzito kuliko mchoro. Upinde huanza kwa kukandamizwa sakafuni, ncha moja chini, ili kuona kama unakubali kupinda. Kisha hufungwa kamba ndefu, ukawekwa juu ya nguzo na kuvutwa kidogo, huku mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia samaki, ikionyesha uzito. Kanuni ni kutouvuta kamwe kupita uzito uliokusudiwa, na kuuvuta na kuuachia mara nyingi kila baada ya kupunguza, kwa sababu mti huchelewa kuonyesha ulichokatwa. Palipo pagumu pawekwe alama ya penseli na papunguzwe hapo tu. Palipo dhaifu pasiguswe, bali pengine pote papunguzwe mpaka palingane napo. Mistari myembamba iliyokingama tumboni ni dalili kwamba nyuzi za mti zimeshaanza kusagika.

Hata hivyo jicho peke yake hudanganywa na fito yenye mawimbi. Sehemu iliyokuwa imebonyea tangu porini huonekana kama inapinda mno, na mchongaji huiogopa bure. Iliyobenuka huonekana ngumu, akaikwangua mpaka ikafa. Dawa yake ni kuchora umbo la upinde ukiwa haujafungwa upote, kisha kulinganisha, na hicho tayari ni kipimo. Kuna pia kifaa ninachokipenda: kibao kifupi kilichonyooka, chenye tundu katikati na penseli iliyopenyezwa humo, kinachoburuzwa tumboni mwa upinde uliofungwa upote. Penseli ikirekebishwa isiguse pale panapopinda zaidi, itachora yenyewe kila mahali palipo pagumu.

Lakini hoja ya rula inayonigusa zaidi inahusu urithi. Wasanye, jamii ya wawindaji wanaojiita Waata, walichonga pinde za kuwindia tembo ambazo uzito wake wa kuvuta ulizidi ratili 100, na walizichonga kwa jicho na mkono. Mbuga ya Tsavo Mashariki ilianzishwa mwaka 1948, na katika operesheni za miaka ya 1950 dhidi ya uwindaji wengi wao walikamatwa na kufungwa. Sitetei kurudi kwa uwindaji. Kulenga shabaha kunatosha, na mti wa upinde usikatwe katika msitu uliohifadhiwa. Ila ujuzi unaokaa mikononi tu huondoka na mwenye mikono. Kwa hiyo namtaka anayechonga kwa jicho aupime upinde wake baada ya kuumaliza, si kabla, aandike unene wa kila shibiri, jina la mti, mahali ulipoota, na kama aliuchonga wakati wa kaskazi au wa kusi. Vipimo vya namna hiyo, vilivyotoka kwenye mti wa hapa na hewa ya hapa, ningempa mwanafunzi avitumie tangu siku ya kwanza.