Na Waliokataliwa Mlangoni Nao Wahesabiwe

Huku Marekani, kituo cha wanyama kikiokoa mbwa na paka 90 katika kila 100 kinaowapokea, huhesabiwa kuwa kituo "kisichoua". Hao kumi waliobaki huchukuliwa kuwa ni wale walioumia au kuugua kupita kiasi, au wakali wasioweza kukaa na watu. Sikibezi kipimo hicho. Mwaka 2011 ilikadiriwa kuwa mbwa na paka milioni 2.6 walidungwa sindano ya kifo vituoni. Mwaka 2024 walikuwa takriban 607,000. Kuna watu walihangaika usiku na mchana mpaka tukafika hapo, na wanastahili shukrani.

Ila asilimia inawahesabu waliopita mlangoni tu. Tuseme kituo kimepokea wanyama 1,000, kikaua 200. Mwaka unaofuata kinaanza kuchagua: mgonjwa haingii ndani, mzee asubiri, paka wa mtaani arudishwe alikookotwa. Kinapokea 500, kinaua 50. Kwenye ripoti kimepanda kutoka 80 hadi 90, na meya anapiga nacho picha. Wale 500 wengine wako wapi? Wengine wamepata wasamaria. Wengine wamegongwa na magari, au wamezalia chini ya vibaraza vya watu, na vifo vyao haviingii kwenye jedwali la mtu yeyote.

Ndiyo maana naupenda mfano wa San Francisco. Mwaka 1994 SPCA ya mji huo, shirika la kuzuia ukatili kwa wanyama, likiongozwa na Richard Avanzino, lilikubaliana na kituo cha serikali ya mji: mbwa au paka yeyote mwenye afya ambaye kituo kimeshindwa kumtafutia nyumba, SPCA itamchukua. Mlango wa serikali ulibaki wazi, na mzigo ukapata mbebaji wa pili.

Na kabla ya hapo kulikuwa na kazi isiyo na sifa: kuwafunga mbwa na paka kizazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jiji la Los Angeles lilifungua kliniki ya umma ya bei nafuu, na miji mingine ikafuata. Kwa maoni yangu hapo ndipo vifo vingi vilipozuiwa, maana paka jike mmoja anaweza kuzaa mara mbili tatu kwa mwaka. Watoto wasiozaliwa hawahitaji kizimba.

Soma pia fomu anayojaza mtu anapomkabidhi mbwa wake. Sababu ni zilezile: nimehama, mwenye nyumba hataki mbwa mkubwa, sina pesa ya matibabu. Mtu anasaini huku mbwa amemwegemea goti. Watu wanamlaumu kuwa hana huruma. Mimi nauliza kwa nini msaada wa chakula cha mbwa na daktari haukumfikia mwezi mmoja kabla.

Sipingi sindano yenyewe. Mbwa aliyevunjika uti wa mgongo na anayelia kwa maumivu, kumwacha hivyo kwa ajili ya takwimu ni ukatili. Ninachotaka ni hesabu kamili. Kituo cha mji wenu kikitangaza 90, kiombeni na idadi ya waliokataliwa, na mwulizeni mtu wa kipato cha chini anasubiri miezi mingapi kupata nafasi ya kumfunga paka wake kizazi.