Mwamuzi wa Hoki Ajiandae Kuona, Asijiandae Kuadhibu

Watazamaji wengi wa hoki ya barafuni huanza kuwatilia maanani waamuzi pale kipenga kinapolia, ilhali kwa maoni yangu sehemu kubwa ya haki ya mchezo huwa imekwisha kutengenezwa, au kuharibiwa, kabla paki, yaani kisahani kinachochezewa badala ya mpira, haijadondoshwa katikati ya uwanja. Katika ligi ya NHL, inayochezwa Marekani na Kanada, kila mchezo husimamiwa na watu 4: marefa 2 wenye utepe wa rangi ya machungwa mikononi, ambao ndio hasa hutoa adhabu, na waamuzi 2 wa mistari, ambao huangalia kuotea na kuwaachanisha wachezaji wanaopigana.

Maandalizi ya mwili na vifaa hayana ubishi. Viatu, vyenye makali ya chuma chini yake, hunolewa, na mwamuzi hupitisha ukucha juu ya makali hayo ili kuhakikisha kwamba upande wa ndani na wa nje yote inakata sawasawa, kwa sababu muda mwingi atateleza kinyumenyume huku wachezaji wakimjia kwa kasi, na kisigino kikimponyoka kwenye kona atakuwa chini wakati ule ule ambao macho yake yanahitajika golini. Kipenga huvaliwa vidoleni badala ya kuning'inizwa shingoni, na nyavu za magoli hukaguliwa zisije zikawa na tundu.

Lakini maandalizi ninayoyathamini zaidi ni mazungumzo ya wanne hao katika chumba chao. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 NHL ilikuwa na refa mmoja tu uwanjani. Walipokuwa wawili, mmoja akikaa karibu na goli na mwenzake nyuma ya mchezo, ikawa lazima wakubaliane nani atafuata paki na nani atawaangalia wachezaji walio mbali nayo, maana hapo ndipo mtu hupigwa gongo la mgongoni bila kuonekana. Waamuzi wa mistari nao hupanga namna ya kuingilia ugomvi: huingia pamoja, kila mmoja na mchezaji wake, kwani akishikwa mmoja peke yake, mwenzake hubaki huru kumpiga mtu asiyeweza kujikinga. Vilevile hukumbushana timu hizo ziliachana vipi zilipokutana mara ya mwisho.

Hapa ndipo penye hatari. Kumjua mchezaji mwenye kisasi humsaidia refa kusimama mahali panapofaa. Kuingia barafuni akiwa ameshaamua timu ipi iadhibiwe ni jambo jingine kabisa. Mwezi Machi 2021, timu ya Nashville ilipocheza na ile ya Detroit, kinasa sauti kilimnasa refa Tim Peel akieleza kwamba alitaka kuipa Nashville adhabu mapema. Siku iliyofuata NHL ilitangaza kwamba hatachezesha tena, ingawa alikuwa amebakiza muda mfupi tu kabla ya kustaafu.

Wapo wanaotetea mtindo huo kwa kusema kwamba refa mwenye busara hutuliza joto la mchezo kwa kusawazisha adhabu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mchezaji anayetolewa nje kwa dakika 2 huiacha timu yake na upungufu wa mtu mmoja, na goli linalofungwa wakati huo halifutwi baadaye kwa huruma ya refa. Kama ningekuwa na sauti katika ligi hiyo, ningetaka mazungumzo ya chumbani yawekewe mpaka ulio wazi: majina ya wagomvi yatajwe, nafasi za kusimama zipangwe, makosa ya hatari yakumbushwe, lakini asiwepo hata mmoja wa kusema adhabu ya kwanza iende upande gani, wala wakati wa mapumziko wasikae kuhesabu nani amepata ngapi.